Mahindi na Maharagwe Shambani mwa Kanisa

Nyumbani Shirere,
S.L.P. 61,
Kakamega.
2 Mei, 1965.

Mpendwa kaka Patroba,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Jinja? Kile kikohozi cha vumbi la pamba kimekuacha, au bado kinakukaba kila asubuhi? Na Yakub, hajambo? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo siku hizi yanajua habari za mvua kuliko redio. Nilimpeleka Mukumu, masista wakampa dawa ya kuchua. Anachua goti moja tu, eti aone kwanza kama inafanya kazi. Ndivyo alivyo, unamjua.

Mvua imetukubali mwaka huu. Kila alasiri inapiga, na kumbikumbi wameruka mpaka watoto wa shule wanakuja darasani kwangu na mifuko imejaa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mdogo wako Priscah anashona nguo zake za harusi na kuzifumua na kuzishona tena, na kila mtu anayepita hapa lazima aonyeshwe kitambaa. Harusi ni Agosti kama ulivyosikia.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua umelitafuta tangu ulipofungua bahasha.

Unakumbuka Krismasi, Mama alipokutajia yule msichana wa Lugari, nawe ukamwambia pale pale jikoni, bila kuzunguka, kwamba hutaoa, kwamba umekwisha kupata wa kukaa naye maisha yako, na ni Yakub. Mama alikufungia mahindi ya kwenda nayo Jinja, akakusindikiza mpaka barabarani. Neno lile alikaa nalo peke yake hadi mwezi wa pili, lilipomzidi akalipeleka kwa akina mama wa maombi, wamwombee mtoto wake na jambo lake la Jinja. Lakini mtu hawezi kuombea vizuri jambo asilolijua, kwa hiyo wakamwomba aeleze kidogo. Akaeleza kidogo. Kufikia Jumapili, kaka, hata yule fundi wa baiskeli pale njia panda alikuwa anakuombea.

Basi wazee wa kanisa wakaja, na Mchungaji Philemon akiwa mbele yao. Walikunywa chai, wakamsomea Mama mstari wa Mambo ya Walawi, ule usemao mwanamume asilale na mwanamume, kwamba ni machukizo. Wakasoma na habari za Sodoma. Kisha wakasema hawakuchukii, ila kwa kuwa Baba hayupo na wewe ndiwe kifungua mimba, ungekuwa wewe wa kumwingiza Priscah kanisani, na hilo hawawezi kuliruhusu. Amwingize mtu mwingine yeyote. Ukimwingiza wewe, hakuna harusi. Priscah alitoka nje akaenda kusimama kwa ng'ombe, na mimi nilibaki nakusanya vikombe huku nikiwa na uchungu ambao siwezi kuuandika vizuri.

Lakini wewe unanijua. Uchungu wangu haukai muda mrefu kabla haujageuka kuwa maswali. Jioni ile nilichukua Biblia ya Baba nikautafuta ule mstari, si kwa ubishi, nilitaka tu kuona majirani zake. Mtu ukitaka kumjua, si unauliza anaishi karibu na nani?

Nikashangaa sana. Sura inayofuata tu, Mungu yule yule akisema na Musa yule yule, inakatazwa kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Nilirudia nikidhani macho yamechoka. Na hapo hapo, nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili nayo imekatazwa, kwa hiyo nyinyi wa kiwanda cha nguo mna kesi mbili. Nyuma kidogo, samaki asiye na magamba anaitwa machukizo, neno lile lile lililosomwa juu yako, na kumbikumbi naona wamo katika wadudu wa mabawa wasioliwa. Nikafikiria kambare aliyeliwa siku ya kumkaribisha Mchungaji, jinsi kichwa chake kilivyogombewa.

Sodoma nayo nilifuatilia. Nabii Ezekieli anataja dhambi ya Sodoma kwa mdomo wake, na ya kwanza kuitaja ni kiburi, kisha kushiba na kutomshika mkono maskini. Na katika habari yenyewe, watu wa mji mzima wanakuja kuvunja mlango ili wawatende jeuri wageni wa mtu. Nikajiuliza hilo linafanana wapi na watu wawili waliokodi nyumba Jinja na kupikiana ugali. Sikupata.

Nisikufiche, kwa Paulo nilikwama. Ameandika maneno magumu katika barua ya Warumi, na kila nikiyageuza bado ni magumu. Ila niliona kwamba orodha yake haiishii hapo, inaendelea mpaka kwa wasengenyaji, na mara tu inapokwisha anamgeukia anayehukumu wenzake. Nikawafikiria akina mama wa maombi. Labda wewe umesoma zaidi yangu, uniambie.

Nilimwendea Mchungaji nyumbani kwake Amalemba. Usimfikirie vibaya, ndiye aliyetubatiza na ndiye aliyelala hapa kwetu siku za matanga ya Baba. Mkewe alituwekea sahani ya kumbikumbi wa kukaanga. Nikamuuliza kuhusu mbegu mbili, akasema sheria hiyo ilikuwa ya Waisraeli wa zamani. Nikamuuliza kuhusu ule mstari wako, akasema huo ni wa watu wote. Nikamuuliza tunajuaje upi ni upi. Akachota kumbikumbi, mkono ukasimama kidogo, kisha akala. Akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa chuoni, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Niliona amesema kweli, na hiyo ilinituliza kuliko kama angenijibu.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo utacheka. Jumanne ilikuwa zamu yetu wanawake kupalilia shamba la kanisa. Unalijua, mahindi na maharagwe kama mashamba yote ya huku. Nikawaambia wenzangu nilichokisoma. Walicheka wakasema basi sote tutachomwa pamoja. Lakini Nekoye, yule mke wa fundi wa baiskeli, hakucheka. Nekoye akisikia kitu kimeandikwa hasubiri kuelezwa. Alirudi nyumbani akang'oa maharagwe yake yote, yakiwa yameanza kutoa maua, akaacha mahindi yamesimama peke yake kama ya mzungu.

Mumewe alipotoka kazini alidhani ng'ombe wameingia. Alipoelezwa, alibeba mzigo wa maharagwe yaliyong'olewa kwa baiskeli mpaka Amalemba, akaubwaga mbele ya mlango wa Mchungaji. Na kufikia Alhamisi wanawake wengine nao wakawa wanasema hawagusi tena maharagwe ya kanisa mpaka waelezwe. Palizi ikasimama, na mvua hii magugu hayamngojei mtu.

Jumapili iliyopita ikabidi Mchungaji aliseme jambo hilo mimbarani. Na alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema sheria ya mbegu walipewa Waisraeli ili wajitenge na majirani zao wa wakati ule, kwamba Mungu haangalii shamba bali moyo wa anayelima, na kwamba turudi tukapalilie. Watu walicheka kwa kushukuru. Nekoye alilia, nadhani kwa ajili ya maharagwe yake.

Mama alikuwa ameketi kando yangu. Hakucheka, hakulia. Tulipotoka, Mchungaji alikuwa mlangoni akisalimia watu. Mama alimpa mkono na hakuurudisha.

"Mchungaji," akasema, "hiyo ya maharagwe na ile mlinisomea ya Patroba, ziko mbali?"

"Ziko karibu, mama."

"Sasa huo mpaka katikati alipanda nani?"

Hakuwa anamtega, kaka. Mama hajui kusoma, lakini mpaka wa shamba anaujua, hawezi kukuta mti wa mpaka asiulize ulipandwa na nani. Alikuwa anauliza kweli. Na Mchungaji, watu nyuma wakiwa wameanza kusukumana, akasema tu, "Mama, nipe muda."

Alhamisi alikuja mwenyewe, bila wazee na bila kufungua Biblia. Alisema wazee hawajabadili neno lao. Akasema hata yeye bado hajui asimame wapi, na kwamba tangu siku ile anasoma kitabu kile kana kwamba amepewa jana. Kisha akasema siku ya harusi mlangoni atasimama yeye, si wazee. Basi akanyanyua kofia akaenda. Sijui maana yake ni nini. Nafikiri hata yeye atajua siku hiyo hiyo. Priscah amesema utamshika mkono kutoka hapa nyumbani mpaka pale mlangoni, na ukigeuzwa wewe naye anageuka, na mchumba wake amekubali, maana amekwisha kumzoea.

Na mimi, kaka, nina maswali yangu ambayo si ya Walawi. Sijawahi kumwona mtu anayeishi kama wewe, au labda nimemwona sikujua. Nani hupika huko kwenu? Yakub akifunga Ramadhani, wewe hula mchana mbele yake au unajificha? Mkigombana, nani huwaamua, na ni nani kati yenu anayenuna siku nzima, ingawa hilo nadhani ninalijua? Ulianza lini kujua? Nilikuwa naona nini nilipokuwa nakutazama miaka yote tukichunga pamoja? Siulizi ili nikupeleleze. Nauliza kwa sababu wewe ni kaka yangu, na inaniuma kwamba kuna upande wako mzima sikuwahi kubisha hodi nikaingia.

Kila jioni, kabla ya chakula, Mama ananiambia nimsomee tena. Anapukuchua mahindi, mimi nasoma. Sura ile ya mbegu mbili tuliimaliza juzi, na mwishoni kuna neno kwamba mgeni anayekaa kwenu msimwonee, mumpende kama mnavyojipenda. Akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza kama hilo nalo lilikuwa la Waisraeli tu, nikasema sijui, Mama. Akachukua hindi jingine, akaanza kulipukuchua.

"Huyo Yakub," akasema, "siku za matanga alikulanga viazi tu. Na chai. Nyama yetu hakugusa, na hakusema kitu."

Mimi sikuliona hilo. Siku zile tulikuwa na mamia ya watu na fahali mzima amechinjwa, nani angemwangalia kijana mmoja wa Mumias anakula viazi pembeni? Kumbe Mama, katikati ya kumlilia mumewe, alimwona. Na kumbe amekaa nalo tangu wakati ule, kama anavyokaa na mengine yote.

Leo baada ya kanisa hakutaka twende nyumbani moja kwa moja. Alinivuta na magoti yake yale mpaka sokoni, kwa Bashir muuza nyama, yule wa Matungu. Nilidhani anataka nyama. Akamuuliza kama Agosti, siku ya harusi ya binti yake, anaweza kuja Shirere asubuhi atuchinjie kuku kwa mkono wake, kwa njia ya kwao. Bashir akacheka, akasema, mama, nyinyi si watu wa kanisa, kuku huyo ni wa nani? Watu walikuwa wamejaa pale, kaka, wengine tumetoka nao ibadani. Mama akajibu kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya chumvi.

"Ni ya mtoto wa Mumias. Anaishinga na kijana yangu Jinja. Akikuja kwangu tena, hatakula viazi."

Jogoo amekwisha kumchagua, ni yule mwekundu anayewafukuza watoto. Kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema, na Yakub naye aombe. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, ili ukimpa aisome mwenyewe asipoteze neno. Mlango wa kanisa tutauona tukifika. Huu wa nyumbani Mama amekwisha kuufungua.

Priscah anakusalimu na kuuliza kama huko kwenu kuna uzi mweupe mzuri. Nekoye anakusalimu, amepanda maharagwe upya. Mama anakusalimu, na anasema uvae nguo nzito asubuhi. Yakub mwambie asalaam aleikum kutoka kwa watu wote wa nyumba hii.

Mungu awalinde nyote wawili, awafikishe salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Beldina Kageha