Sare Niliyoikataa Ganjoni

Jumamosi. Joto linanata mwilini, na mvua inayotishia tangu asubuhi haijashuka. Nimeketi kitandani, bado nimevaa buibui langu.

Nimemshinda Fuad.

Mwezi uliopita, katika klabu yetu ya sataranji huko Ganjoni, alinishinda mbele ya watu wote. Nilishika weusi, nikacheza mbinu iitwayo Ulinzi wa Kifaransa, hatua baada ya hatua kama nilivyozisoma kitabuni. Akasogeza askari wa pembeni ambaye hakuwamo katika nilichohifadhi, nami nikapotea.

"Rukia, hapa si chuoni," akasema. "Huku hakuhifadhiwi."

Wakacheka. Hata mwalimu wa klabu.

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Nimelelewa mtaa wa Kuze, na chuoni nilisifiwa kwa kuhifadhi Kurani upesi kuliko wenzangu. Nikadhani kila elimu huingia kwa mlango huo.

Nikaweka kitabu kando. Nikatandika ubao sakafuni, nikawa naiuliza kila hatua: wewe wataka nini? Mama akapita na sinia la mchele, akasimama kunitazama. "Na hao askari wakujibu?"

Walinijibu. Mweusi humwachia mweupe atangulie katikati, ajione ametawala. Lakini askari wa mbele wa mweupe humtegemea aliye nyuma yake, na huyo wa nyuma ndiye wa kupigwa. Mpaka hapo utabanwa. Tembo wako mmoja, yule aendaye mshazari, atafungiwa nyuma ya askari wako mwenyewe, nawe utavumilia. Nilihisi mchezo huu ulitungwa na mtu aliyewahi kuchekwa.

Leo mimi na Fuad tuligombea kiti cha mwisho katika timu. Mwalimu aliamua kwamba mwenye weusi, hata sare itamtosha. Weusi wakaniangukia mimi. Fuad akasogeza yule yule askari wa pembeni, akiniangalia usoni. Safari hii nilijiuliza anataka nini. Askari huyo hakuwa akimsaidia yule wa nyuma, wa katikati. Basi nikamwandama huyo wa nyuma kwa farasi, kwa malkia, mpaka akaanguka.

Fuad akainua macho. "Sare, dada?"

Alikuwa akinipa kiti, na kujiokoa asishindwe. Ningeitikia tu, ningekuwa timuni. Nikiendelea, kosa moja lingenipotezea kila kitu.

"Cheza," nikamwambia.

Sikuharakisha. Nilitaka aone kila hatua ikimjia, mpaka mfalme wake akakosa pa kwenda.

Naye akaweka mkono kifuani, akatabasamu. "Mashaallah. Leo umecheza wewe."

Hapo ndipo aliponipokonya utamu wa ushindi. Nilingoja akasirike, afadhaike, akose pa kuuweka uso wake. Akanisifu, tena kwa moyo safi.

Kiti nimekipata. Mbona basi nimekaa hapa nikipanga namna ya kumshinda tena, mpaka akose la kusifu?