Sahani ya Jogoo Mwekundu

Bondeni, Kyela
Julai 1997

Kwa dada yangu mpendwa Damaris,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute una nguvu huko Karonga, wewe na shemeji, na kile kikohozi cha kitindamimba wenu kiwe kimekoma. Sisi huku hatujambo. Mpunga tumevuna vizuri, na watu wa Kyela unawajua wakishavuna: kila mtu anaoa. Dukani kwa Said, kwenye kazi yetu ya kurekodi video, hatupumui. Jumamosi moja harusi tatu, na kila bwana harusi anataka kujiona kwenye televisheni kama waziri.

Dada, umeniuliza mara nyingi kuhusu kaseti ya mazishi ya Mama, nami nimekuwa nikizungukazunguka. Najua ulivyoumia Songwe ilipofurika ukakwama ng'ambo, tukamzika bila wewe. Nilikuahidi kwamba utaona yote kwa macho yako. Kaseti hiyo haipo tena.

Nikueleze kazi yetu ili usimchukie Said. Kaseti mpya hutoka Dar na ni adimu. Kwa hiyo wenye harusi wakishachukua nakala yao, sisi tunarekodi harusi nyingine juu ya ile ya kwanza. Za misiba hatugusi. Sharti hilo aliliweka Said mwenyewe. Anasema kufuta msiba ni kumzika mtu mara mbili. Zote tunazihifadhi ndani ya mapipa ya mchele, maana unyevu wa huku huotesha ukungu hata kwenye viatu, na mchele huunyonya. Basi karatasi yenye jina la Mama ilibanduka ikabaki mcheleni. Said akachukua kaseti isiyo na jina, akaenda nayo Ngana kwenye harusi ya Andongwisye. Nilipogundua nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Yeye alilia, mtu mzima yule.

Tuliiweka kwenye deki mchana uleule, tukitafuta walau kipande kilichosalia. Hapakuwa na msiba. Palikuwa na ngoma, na bwana harusi akitoka jasho, na akina mama wakipakua wali. Nyuma yao, kwenye migomba, alisimama mwanamke wa kitenge cha kijani, ametupa mgongo, mkononi ana sahani iliyofunikwa. Watu wanapita, hakuna anayemsalimu. Nilimjua Mama kabla hajageuka, kwa vile alivyozoea kuegemea mguu mmoja.

Said alisema ni picha ya zamani haikufutika sawasawa, hutokea. Niliafiki kwa sababu nilitaka kuafiki. Kisha nikamuuliza: siku ya mazishi, Mama alisimama wapi? Alizima deki akaenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado.

Tangu hapo nimeitazama tena na tena. Kila ninapoirudisha nyuma, Mama amesogea. Alitoka migombani, akapita masufuria, na jana alikuwa karibu kiasi cha kuiona sahani vizuri. Ni ile ya bati yenye jogoo mwekundu, iliyobanduka rangi ukingoni, ambayo alikuwa akikufunikia chakula ulipochelewa kutoka shule. Macho yake yalikuwa yakitafuta mtu aliyekosekana. Nilimwita, dada. Niliita televisheni, nikaona haya, nikaita tena.

Leo asubuhi hayupo. Harusi imebaki harusi, migomba imebaki migomba. Nilimshukuru Mungu nikidhani yamekwisha. Jioni hii Davidi mchuuzi akaingia dukani na mzigo wake wa vitenge kutoka kwenu, akanifikishia salamu na shukrani zako, ndaga fijo kwa mchele tuliokutumia. Halafu akaisifu sahani aliyoiona mezani kwako leo kabla hajaondoka, ya jogoo mwekundu. Anasema ulimwambia umeikuta mlangoni alfajiri, imefunikwa, ina wali wa moto, ukadhani umeletewa na jirani. Anasema ulikula ukashiba, kisha ukalia na hukujua unalia nini.

Dada, sahani hiyo niliiweka mimi, kwa mkono wangu, ndani ya jeneza la Mama. Said alinirekodi nikiiweka.

Usiitupe. Mimi naogopa, sitakudanganya, lakini wewe usiogope. Mama alitufundisha kwamba sahani ya mtu hairudishwi tupu. Maji ya Songwe yamepungua sasa. Pika chochote, kifunike, uje nacho Mwaya. Nitakungoja barabarani, twende kaburini pamoja. Yeye ameshavuka kukufuata. Sasa ni zamu yako. Kamera tutaiacha dukani.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Said anakusalimu sana na anakuomba radhi.

Ni mimi mdogo wako,
Oscar