Jino la Chini

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetema damu. Kidogo tu, ndani ya povu la dawa ya meno. Nikafungua maji haraka, kana kwamba kuna mtu anachungulia. Na mimi nakaa peke yangu!

Ilianzia mazoezini leo, Buswelu. Kipande chetu cha kivuko, igizo la kuchekesha kwa muziki. Mimi ndiye mama muuza samaki: beseni kichwani, tarumbeta mdomoni, nagombana na abiria wote. Hakuna anayesema neno – bendi yetu, Shaba Tano, ndivyo ilivyo, tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba ndizo zinaongea na kutukanana. Ngosha wa tromboni anatakiwa kuisogeza slaidi yake, lile bomba refu la kuvuta, taratibu, kama mkono wa mdokozi, aniibie samaki wa kitambaa kutoka kwenye beseni. Leo kawahi. Slaidi ikagonga tarumbeta yangu kwa mbele, nami nimeikandamiza mdomoni kwa noti ya juu kabisa. Mausipisi, kile kikombe cha kupulizia, ikanigonga meno. Niliona nyota.

"Dada Amondi, nimekugusa?"

"Hujanigusa. Endelea."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nikisema itakuwa kweli. Jino la mbele, la chini. Linacheza.

Jumatano, 6 Agosti

Bado linacheza. Nalisukuma kwa ulimi kila dakika. Najikataza – ulimi hausikii.

Baada ya mazoezi tulikula sato wa kuchoma. Nikasema nimeshiba. Odeta wa honi akaweka mkono kiunoni: tangu azaliwe hajawahi kuona Mjaluo anakataa sato, labda mimi ni Mjaluo wa kuchonga. Wote wakacheka. Nami nikacheka, mdomo nimeufunga. Nimekuja nyumbani na njaa yangu, nikanywa uji.

Naogopa. Niandike tu, maana hakuna wa kumwambia.  Jino likitoka, mdomo hauna pa kuegemea. Mdomo usipoegemea, hakuna sauti. Nilianza tarumbeta bendi ya kanisa, hata kifua sijaota. Sijui kazi nyingine. Sijui hata nitakuwa nani.

Ijumaa, 8 Agosti – Nanenane

Tumecheza uwanjani, vumbi mpaka puani. Watu wengi! Nilipoona slaidi inakuja, mwili wenyewe uliruka. Nikajikunja, beseni likaanguka, samaki wa kitambaa wakatawanyika. Nikajua nimeharibu.

Jamani, kicheko! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anajipiga mapaja.

Revocatus – ndiye kiongozi wetu, tarumbeta ya pili – alinikumbatia nyuma ya turubai. Huo woga umeutoa wapi? Ni dhahabu! Usiuguse! Eti kwenye onyesho la Sengerema, wiki ijayo, slaidi itakuja mara tatu.

Mara tatu!

Nikasema sawa. Mbona sikukataa? Wanachekea woga wangu wa kweli na mimi natabasamu kama bibi harusi. Nina hasira na Revocatus, nina hasira na Ngosha, lakini hasira kubwa zaidi ni na mimi mwenyewe. Mjinga mkubwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia simu bibi Aloo, yuko Shirati. Shikamoo bibi, marahaba, kanisani umekwenda, nimekwenda. Halafu nikamwambia. Yeye peke yake.

Alicheka mpaka akakohoa. Jino moja? Yeye walimng'oa meno sita ya chini, yote siku moja, akiwa msichana mdogo, ndivyo ilivyokuwa mila ya Wajaluo enzi zao. Na kulia ilikuwa aibu kwa ukoo mzima.

Nikamuuliza, bibi, uliogopa?

  Akasema mpaka leo akisikia chuma kinagonga chuma anashika kidevu.

Sikupaswa kupiga ile simu. Maana sasa nimekumbuka ile Krismasi tuliyompa tarumbeta yangu ajaribu. Alivuta pumzi, akavimbisha mashavu, akapuliza – fuuu. Hewa tupu na mate, kupitia lile pengo la chini. Ukoo mzima ukaanguka kwa kicheko. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Fuuu. Sauti hiyo imenikalia sikioni tangu mchana.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa daktari wa meno, mjini. Nimefika, nimekaa kwenye benchi, nimeshika begi. Hapo napaswa kujisifu.

Mama wa pembeni yangu akauliza kwa upole, mwanangu, wewe ni wa kung'oa au wa kuziba?

Mlango ukafunguka kidogo. Nikasikia chuma kikiwekwa kwenye sahani ya chuma. Kling.

"Nimemsindikiza mtu," nikasema.

Mtu gani? Benchi zima tulikuwa wawili! Nikatoka, nikapanda bajaji, nikamwambia dereva aende tu. Akauliza wapi. Nikasema mbele.

Najua angeniambia nini. Angesema pumzika, usipulize. Au angesema tung'oe. Yote mawili siwezi kuyasikia wiki hii.

Alhamisi, 14 Agosti

Linashikiliwa na nyama tu. Uji. Mtori. Uji.

Ngosha kaniuliza mbona noti ya juu naikwepa. Nikamfokea: piga tromboni yako! Akanywea. Ni mtu mpole, mwili mkubwa na sauti ya kuomba msamaha hata akisalimia. Sasa kila slaidi ikija anaitoa kwa woga, na mimi naipokea kwa woga. Revocatus anapiga makofi: hivyohivyo!

Jumamosi, 16 Agosti – Sengerema, mapumziko

Naandikia stoo, juu ya viti vya plastiki. 

Nianze asubuhi. Tumepita daraja jipya. Pale Busisi tulipokuwa tunashinda tukisubiri kivuko, leo gari limepita kabla Odeta hajamaliza kumenya chungwa. Rwehumbiza, mpiga tuba wetu, aliitoa tuba dirishani akapiga honi ya kivuko, buuuu, kukiaga kivuko cha zamani. Gari zima kelele. Mimi nimeshika kidevu kama bibi.

Ukumbi umejaa. Watu wa hapa kivuko wanakijua, tuba ilipopiga honi tu wakasimama. Slaidi ya kwanza – nikaruka, wakacheka. Ya pili – nikaruka. Ya tatu, Ngosha aliisimamisha mbali. Mbali kabisa, nimeiona! Hakunigusa. Ni mimi. Nilivyoruka nikajivutia tarumbeta mdomoni kwa mikono yangu mwenyewe, kwa nguvu zote, kwa kuogopa.

Tk. Ndani ya kichwa.

Nikalitema jino kwenye beseni lililokuwa limeanguka, katikati ya samaki wa kitambaa. Wakadhani ni mchezo! Wakapiga miguu chini! Nilimaliza kipande nikiigiza tu, vidole vinabonyeza, Revocatus akanizibia kwa tarumbeta yake bila kujua kwa nini.

Sasa wenzangu wanajua wote. Odeta kaleta maji baridi na kanga. Damu imepungua. Jino liko hapa, kwenye kifuniko cha chupa. Dogo mno! Nimeogopa kitu kidogo hivi.

Ngosha alisimama mlangoni.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu Jumatatu ile."

Akakaa sakafuni palepale. Akasema angejua asingeinyoosha tena. Nikamwambia leo hujanigusa, Ngosha, nimeona kwa macho yangu. Leo ni mimi. Alilia. Mimi bado.

Sehemu ya pili naianza mimi, peke yangu. Kivuko kimeondoka kwa mara ya mwisho, mama muuza samaki kaachwa ufukweni, anaita. Noti moja. Ndefu, ndogo, bila kitu kingine chini yake. Hakuna pa kujificha. Revocatus kasema ataichukua yeye, nikae, hakuna atakayenilaumu. Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari. Nikasema nipe dakika.

Odeta anasema jaribu hapahapa kwanza, taratibu. Siwezi. Ikitoka hewa tupu humu ndani, sitatoka mlango huu. Bora nisijue mpaka niwe kule jukwaani.

Ulimi unaingia pengoni. Pana! Kama la bibi.

Ngosha kashika mausipisi yangu ndani ya viganja vyake viwili, anaipasha joto. Revocatus anachungulia: Amondi, mimi au wewe?

Taa za ukumbini zimezimwa. Nimesema mimi. Nimenyoosha mkono, Ngosha kanipa. Ina joto.

Fuuu ya bibi bado iko sikioni. Naenda kujua kama na yangu ni hewa tupu.