Kitanda cha Juu Kwenye Treni ya Usiku

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla siku hazijaniishia, maana zimebaki kumi na tisa, na kila asubuhi nazihesabu upya nikitumaini nilikosea.

Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, nina miaka ishirini na saba, na kwa miaka mitatu nimekaa chumba kimoja cha kazi na wenzangu wawili, mmoja ni msanifu wa kurasa na mwingine ni msimamizi wa ushonaji wa vitabu ambaye sote tunamwita Kamanda kwa sababu hata mkurugenzi humwomba ruhusa, na sisi watatu tumejinyima muda mrefu ili twende safari yetu ya kwanza ya mbali, wiki moja, Bangkok, Kuala Lumpur na Singapore, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga kwa kuwa wanasema jicho langu halipitwi na kitu.

Wasichokijua ni kwamba nina kifafa. Nimekuwa nacho tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na wao wanaamini ni vitamini, kwa sababu mama alinifundisha tangu shuleni kuvitoa kwenye pakiti na kuvitia kwenye chupa ya vitamini, na mpaka leo ndivyo ninavyofanya. Mara ya mwisho nilianguka mwaka jana, nyumbani, baada ya siku mbili za kukesha na kitabu kilichochelewa, na aliyeniona ni mama tu. Mara ya kwanza nilianguka darasani, na nilipofumbua macho madawati yote yalikuwa yamesukumwa ukutani na wenzangu wamepanda juu yake kama watu waliokimbia mafuriko, kwa sababu mtu aliwaambia mate yangu yanaambukiza.

Kwa hiyo ratiba niliyoiandika ni ya uongo, mshauri, si kwa miji yake bali kwa sababu zake. Nimeandika "kurudi hotelini" kila jioni nikasema miguu itauma, nimezikwepa boti za mtoni nikasema jua ni kali, nimelifuta bwawa la kuogelea nikasema sijui kuogelea na hali najua. Kamanda aliisoma akacheka mpaka akavua miwani.

"Msahihishaji, hii ni safari au kifungo? Mpaka saa ya kulala umetupangia."

"Mwache, dada," msanifu akasema. "Bila yeye wewe ungetupandisha ndege ya kwenda kusikojulikana."

"Kusikojulikana ndiko kutamu."

Kisha akachukua kalamu nyekundu, kalamu yangu, akafuta usiku wa tatu na kuandika treni ya usiku kucha ya kuelekea kusini, eti tulale njiani tuokoe siku nzima. "Na kitanda cha juu ni chako," akaniambia, "wewe ndiye mwepesi." Nikacheka. Nikasema hicho ndicho nilichokitamani. Tangu hapo usingizi umenikimbia, na kukosa usingizi ndiko kunakoniangusha, kwa hiyo naogopa, na woga unaninyima usingizi, nami nalala nikiuogopa woga wenyewe.

Siogopi kufa. Nikishaanguka hupotewa na maneno kwa robo saa hivi, sijui niko wapi, sijui hata naitwa nani, na mama huniinamia na kunitajia jina langu polepole mpaka nirudi. Sasa najiona nimelala katikati ya barabara iliyojaa pikipiki, midomo ya watu inacheza juu yangu, mabango yana herufi nisizozijua, na wenzangu wawili wamesimama mbali. Nilipomwuliza mama, alisema, "Nenda, mwanangu, ila usimwambie mtu. Ukianguka, utakuwa umeanguka kwa wageni, na wageni hawaji kuposa."

Na usiniambie kwamba rafiki wa kweli hakimbii, kwa sababu nimeona. Mwezi uliopita mteja alianguka kwenye ngazi za kiwanda, akatetemeka kama ninavyotetemeka mimi, na Kamanda akapaza sauti, "Msimguse, rudini nyuma wote." Nilikimbilia chooni nikajifungia. Nilipotoka, mteja alikuwa ameketi anakunywa maji, watu wametawanyika, na Kamanda anarudi ndani bila lile sweta lake la kijivu ambalo halivui hata kwenye joto. Sikumwuliza kitu.

Niseme pasipoti imepotea nibaki nyumbani, au niende na chupa yangu, nimeze mara mbili siku ya treni na kumwachia Mungu? Methali ya mficha maradhi naijua, tafadhali usinitajie. Mama pia anaijua.

Msahihishaji


Msahihishaji,

Sitaitaja. Lakini ukimeza dawa mara mbili bila kuambiwa na daktari, mimi na wewe tutagombana.

Pole kwanza kwa yale madawati. Watoto wale walijazwa ujinga, na wewe ndiye uliyeubeba. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana, na nalisema hapa ili walisikie na wengine wanaojifanya viziwi.

Sasa nikukaripie. Unajua kuliko mimi kwamba msahihishaji hajisahihishi mwenyewe. Maandishi yake lazima yapitiwe na jicho la mwingine. Basi mimi nimeisoma barua yako mara mbili. Mtu kaanguka, Kamanda kawaondoa waliomsonga, Kamanda karudi hana sweta. Unadhani lilikuwa wapi? Mimi nadhani lilikuwa chini ya kichwa cha yule mteja. Huenda nakosea, sikuwepo. Lakini hata wewe hukuwepo, ulikuwa chooni. Umemhukumu mtu kwa sentensi moja uliyoisikia ukikimbia.

Mama anakupenda, na kwa hili amekosea. Amekukinga na midomo ya watu, akasahau kukukinga na sakafu.

Na hiyo chupa. Unataka kuvuka mipaka mitatu na vidonge visivyo na jina ndani ya chupa yenye jina la kitu kingine. Afisa wa forodha akiuliza, utajibu nini? Daktari wa huko akikukuta huna maneno, atajuaje unachomeza? Virudishe kwenye pakiti zake leo. Wiki hii nenda kwa daktari wako umwambie safari yote, ndege, treni, na saa zinazosogea mbele. Yeye ndiye wa kukupangia muda wa kumeza na kusema kama treni hiyo inakufaa. Akupe barua yenye jina la dawa, nawe uulize balozi za nchi hizo kama dawa hiyo inahitaji kibali. Ikae kwenye mkoba wa mkononi, na uchukue ya siku za ziada, maana ndege huchelewa.

Wenzako uwaambie wote wawili, kwa pamoja, mmeketi. Uwafundishe: wasogeze vitu vigumu, wasikushikilie kwa nguvu, wasikutie kitu mdomoni, wakulaze ubavu, waangalie saa, na ikipita dakika tano waite gari la wagonjwa. Kisha wakutajie jina lako, kama anavyofanya mama. Ni somo la dakika kumi.

Watakimbia? Siwezi kukudhaminia mioyo ya watu. Mmoja akijitoa, nendeni wawili. Wakijitoa wote, utalia, na utakuwa na haki ya kulia, lakini utakuwa umelijua hilo ukiwa umesimama kwa miguu yako, si ukiwa chali ugenini. Na daktari akiiruhusu treni, kitanda cha juu hukilali, Kamanda apende asipende.

Mwisho. Ulitaja kiwanda, kalamu, sweta na jina la utani la mtu. Nilikupigia kwa namba uliyoniachia kukuuliza kama nibadilishe, maana wenzako wangekutambua kabla hawajafika katikati ya barua. Ukasema, "Iache ilivyo." Hapo nikajua kwamba unataka wajue. Sawa, ila wasiambiwe na mimi. Siku ya barua hizi kutoka nilikutajia mapema ili ulinunue gazeti hili alfajiri. Kiwandani kwenu, ulisema, hufika saa nne. Wewe unaingia kazini saa mbili, na wenzako pia.