Kaka Yangu Ng'ambo ya Kijito

Jumamosi, 5 Januari

Magari kumi na saba kabla hakujapambazuka vizuri. Kumi na saba! Kwa kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kulowa magoti. Nikaegesha mwisho kabisa, karibu na vyoo, nikavaa suruali yangu ya mpira – ile inayovuja goti la kushoto. Sijaziba. Nitaziba.

Maji mazuri. Yamepungua tangu mvua ya Alhamisi, yana rangi ya chupa. Samaki wetu, trauti, wameanza kupanda kutoka baharini, wanarudi kwenye kituo cha kuzalisha samaki walikotoka, na sisi tumejipanga chini ya kituo bega kwa bega kama watu wa foleni ya benki. Ukichelewa kurusha kidogo tu, umenasa mshipi wa jirani.

Bwana Luong, jirani yangu wa ukingoni, alinisogezea nafasi. Akaninong'oneza kwamba Royce, yule mvuvi mwenye maneno, ameamka na mdomo wake leo, nisimjibu.

Nilikuwa natia chambo nilipoinua macho. Verl! Ng'ambo, hatua kumi na tano hivi kutoka kwangu. Kaka yangu.

Mwaka wa nne huu hatusemeshani. Tangu mazishi ya Mama. Nilimwambia palepale kaburini kwamba Mama alikata roho yeye akiwa mtoni anavua. Ni kweli. Lakini nilisema mbele ya watu.

Anatafuta nini hapa? Verl ni mtu wa mto mkubwa, mtu wa boti. Alifanya kazi kituoni miaka thelathini na moja, na alikuwa akisema kuvua hapa ni kama kuvua kwenye ndoo. Nikamwangalia. Macho yake yakanipita kama mimi ni kichaka.

Haya. Na mimi nikawa kichaka. Saa tatu nikaondoka bila kitu.

Jumapili, 6 Januari

Nilijiambia siendi. Saa moja nilikuwa ndani ya maji.

Nimepata mmoja, mzito – mwenye pezi. Vifaranga wote wa kituo hukatwa kile kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia, na hao ndio tunaoruhusiwa kubeba. Mwenye pezi lake ni wa porini, unamrudisha. Nikamrudisha. Akakaa kidogo mkononi mwangu, halafu akaondoka bila haraka, kama mwenye nyumba.

Verl yuko palepale. Royce naye yuko ukingo uleule, na mishipi yao imeshikana mara tatu.

"We babu!" Royce akapaza sauti. "Mara ya tatu hii! Unarusha umefumba macho?"

"Kijito si cha mama yako," Verl akamjibu.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama anavyofunga ndoano. Ameisogeza hadi puani. Halafu akaipapasa kwa midomo. Akaidondosha. Akaanza upya. Verl! Aliyekuwa akifunga ndoano kumi huku anapiga soga, bila hata kuzitazama.

Baridi labda. Vidole vya uzee.

Jumatano, 9 Januari

Leo nyumbani. Nimefua mapazia. Nimehamisha kochi, nikalirudisha. Nimefungua friji mara sita, sina njaa. Saa nane nikaenda kuangalia maji tu – kuangalia tu – na gari lake lilikuwepo. Limeegeshwa mshazari, limekula nafasi mbili. Boti haipo nyuma. Nikamuuliza mhudumu wa kituo. Akasema: ameiuza tangu Septemba, hukujua?

Sikujua.

Ijumaa, 11 Januari

Nina hasira. Niandike.

Saa mbili na nusu. Kielea changu kikazama – si polepole, kikazama kama kimevutwa na mtu. Nikapiga kelele: "Kanasa!" Wote wakavuta mishipi yao, kama desturi ilivyo hapa. Hata Royce. Samaki akaruka mara mbili. Amekatwa pezi! Niliona vizuri. Wa kubeba. Mkubwa kuliko wote wa msimu huu, naapa.

Akakimbilia ng'ambo. Nikambana, nikambana, mwisho akaruka mara moja tena karibu na ukingo, akasogea kidogo, akachoka, akalala ubavu, anang'aa kama sahani – miguuni pa Verl. Wavu wa Verl ulikuwa mkononi mwake. Aliye karibu ndiye anayesaidia, hata kama mmegombana. Watu ishirini wanatazama.

Verl akapiga wavu majini. Futi nzima pembeni! Kwenye maji matupu. Ukingo wa wavu ukagonga mshipi, mshipi ukakatika. Pwa. Samaki akaenda zake.

Royce akapiga mluzi. Mtu nyuma yangu akasema huyo amefanya makusudi, hao ni ndugu, wana lao.

Halafu Verl, kwa sauti kavu: "Mshipi wako umeoza, Nola."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu katika miaka minne. Mshipi wangu umeoza!

Baadaye. Nilikuwa nakaanga viazi, mwiko ukasimama. Alipiga wavu pale samaki *aliporuka* mara ya mwisho. Pale palipotoka sauti. Samaki alikuwa ameshasogea, na sisi sote tulimwona. Verl hakumwona.

Viazi vimeungua.

Jumatatu, 14 Januari

Nimemfuata. Sijivunii. Alipotoka kijitoni saa tisa nikangoja kidogo, nikawasha gari, nikakaa nyuma yake mbali.

Anaendesha polepole, katikati ya barabara, anafuata ule mstari wa njano kama kamba. Nikasema labda. Nikasema wazee wote huendesha hivyo.

Kwenye kona ya kiwanda cha zamani cha mbao – basi la shule. Limesimama. Taa nyekundu zinawaka, mkono wa kusimamisha magari umefunguka. Nimeendesha basi njia hiyohiyo miaka ishirini na miwili, najua zile taa zinavyoonekana hata kwenye mvua. Hata kwenye ukungu.

Verl akapita. Hakupunguza hata kidogo. Akapita.

Watoto wawili walikuwa mlangoni. Mmoja mguu wake ulikuwa umeshagusa lami. Dereva alimshika kwa kofia ya koti akamvuta ndani. Honi ikalia, ikalia.

Nikasimama pembeni ya barabara. Nikahesabu watoto wakishuka, kama zamani, mpaka wa mwisho.

Jumanne, 15 Januari

Nimekwenda kwake. Mara ya kwanza tangu mazishi. Kibaraza kimeoza ngazi ya pili, ameweka ubao.

"Unataka nini?"

"Kahawa."

Akanikaribisha kwa bega. Akamimina, na kidole chake kimeingia ndani ya kikombe ili ajue kimejaa hadi wapi. Kahawa ya moto! Hakushtuka hata kidogo. Amezoea.

"Macho yana nini, Verl?"

"Yana miaka sitini na minane."

"Mtoto wa jicho? Hilo wanalitoa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo."

Akakaa. "Si hilo. Ni katikati ndiko kumekufa. Pembeni naona. Nikikutazama usoni, Nola, huna uso. Ndiyo maana nakutazama sikio."

Kumbe siku ile hakunipita kama kichaka. Nikanywa kahawa yenye kidole.

Halafu nikamuuliza kuhusu jana. Uliliona basi?

"Basi gani?"

Nikamweleza. Taa, mlango, mguu wa mtoto. Akasugua meza kwa kiganja kama anafuta makombo. Hakuna makombo.

"Umeshakwenda kunishtaki?"

"Bado."

"Bado!" Akacheka, kicheko kibaya. "Duka liko maili kumi na tisa. Wakinichukulia leseni nitaozea humu ndani. Nitakuwa yule mzee anayengoja watu wamkumbuke."

"Nitakuendesha mimi. Dukani, kijitoni, popote."

"Na siku ukichoka? Utanisema mbele za watu, kama kawaida yako?"

Nikasimama. Nikashika kitasa. Lakini sikutoka – nikamwambia tena kile cha kaburini: Mama alikuwa anakufa, wewe ukaenda kuvua.

"Alinifukuza," akasema. "Aliniambia, toka, nenda kavue, unanizunguka kama nzi. Alikuwa anacheka. Nikadhani ana wiki bado."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe."

Nimerudi nyumbani, nimekaa garini na injini inawaka mpaka kioo kikajaa ukungu. Sikumuahidi kitu. Yeye pia hakuniahidi.

Alhamisi, 17 Januari

Mvua tangu jana. Kijito kimejaa matope, hakuna wa kuvua.

Nimepiga simu ofisi ya leseni. Ikaita mara mbili, nikakata. Nikasafisha jiko. Nikapiga tena. Wakaniweka kwenye muziki. Nikakata.

Kila honi inayolia barabarani naenda dirishani.

Nilimpigia Verl. "Kesho usiendeshe," nikamwambia, "nitakuja kukuchukua Jumamosi." Akasema ataona. Ataona! Hata yeye alisikia alichosema. Akakata simu.

Jumamosi, 19 Januari

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika ndani ya gari la Verl, kwenye kiti cha dereva. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa chakula, begani. Mikono inanuka mayai ya samaki, chambo nilichotia bila kukirusha. Niandike haraka.

Nilifika kwake saa kumi na moja. Hakuwepo. Gari halipo. Nikaendesha mbio hadi hapa, naangalia kila mtaro njiani. Gari lilikuwa hapa, zima, mshazari. Nikamshukuru Mungu, nikamtukana Verl.

Watu zaidi ya thelathini. Maji yameshuka, samaki wamekuja kwa wingi kweli – kila dakika "Kanasa!", kila dakika watu wanavuta mishipi. Nikasimama upande wangu, sikurusha hata mara moja. Nilikuwa namtazama tu.

Saa nne akanasa. Akampigania vizuri, jamani! Kwa mikono tu, kwa kusikiliza. Akamburuta hadi kwenye changarawe, akapiga magoti, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa samaki, kama alivyofanya kwa maelfu ya vifaranga kituoni. Mara mbili akapitisha. Baridi ya leo huwezi kuhisi hata jino lako. Akachukua rungu, akampiga kichwani.

Lilikuwepo. Kutoka ng'ambo niliona. Pezi limesimama, zima.

Nikapiga kelele, "Verl, hapana!" – nimechelewa. Royce naye akaona. "Haloo! Babu ameua wa porini! Mtu wa kituo mwenyewe!" Watu wakaanza kunung'unika. Na askari wa samaki, yule binti Ibarra, alikuwa tayari anashuka njia ya kituo anakagua vibali. Hakuhitaji kuitwa.

Akamwangalia samaki. Akamwangalia Verl. Anamjua, kila mtu anamjua. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Bwana Tveit. Hukuliona pezi?"

Alimfungulia mlango, yule binti. Angesema tu, sikuliona. Verl akainuka, akajifuta magoti. Midomo imekuwa myeupe.

"Nililiona," akasema.

"Uliliona?"

"Nililiona, nikamuua. Andika."

Hata Royce akavuta mshipi wake. Miaka thelathini na moja alilea samaki hawa, na amechagua kuitwa mwizi wao, mbele ya watu thelathini, kuliko kuitwa kipofu.

Sikumbuki nilivyovuka. Maji yaliingia hadi kiunoni, nakumbuka baridi tu. Nikasimama katikati yao, nalia kama mjinga, na nikasema. Mbele ya watu. Tena!

Neno moja. "Haoni."

Verl hakunigeukia. Ibarra akauliza, "Leo ni nani ameendesha lile gari?"

Bwana Luong akaangalia miguu yake. Wote wakaangalia miguu yao.

Verl akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaunyoosha hewani – si kwa Ibarra, si kwangu, katikati yetu. Nikauchukua. Kiganja chake kilikuwa baridi kama jiwe. Ibarra akaniambia ningoje garini, anataka kuzungumza naye peke yao.

Robo saa sasa. Nawaona kupitia kioo. Ibarra anaandika. Verl anatingisha kichwa – ndiyo au hapana, kwa mbali sijui. Ameshikwa begani. Sasa anakuja huku, peke yake. Mkono wake unatambaa ubavuni mwa gari, anahesabu kwa vidole: taa ya nyuma, tairi, mlango.

Amekuja upande wangu. Si ule mwingine. Upande wa usukani.

Ibarra amesimama pale juu, anatazama.

Anagonga kioo. Naandika tu, nisimtazame.

"Sogea, Nola," anasema.

Anagonga tena.

Sijasogea.