Dashibodi ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimebandua dashibodi nyingine, ya tatu mwezi huu. Jua la Masasi linapasua plastiki zote, nami ndipo ninapopata ugali, kwa kuchonga nyingine za mbao. Ila hii si ya mapambo. Ni ya Mwalimu Nangoma wa Kitangari, kule juu mlimani, aliyenifundisha darasa la nne. Mwaka jana kiharusi kiliua mkono wake wa kulia. Mguu umerudi, mkono umegoma. Anataka kila kitu cha kulia kihamie kushoto: swichi ya kuwashia, indiketa, taa. Na kishikio kwenye usukani, aweze kugeuza kwa mkono mmoja. Gari ni otomatiki, inawezekana.

Nilimuuliza kwa nini asitafute dereva. Akasema, "Baba Zuhura, mke wangu anabeba maji kichwani na gari lipo uani. Nijibu hilo, nione kama nilikufundisha kitu."

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekata mfano kwa boksi. Mara tatu. Nilijifunga mkono wa kulia kwa kanga ya mke wangu, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikajaribu kufikia swichi. Mafundi wenzangu wamecheka mpaka wamechoka. Wacheke. Indiketa ilikuwa mbali kwa vidole vinne. Bila kanga nisingejua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ubao wa mninga umekaa vizuri. Kishikio nilitaka kukichonga kwa mpingo, lakini mpingo unamaliza makali ya patasi, na nina haraka. Nimechonga cha mninga vilevile. Uvivu, niseme ukweli.

Kisha vyote nimevipaka mafuta ya maganda ya korosho, kama babu alivyopaka miimo ya milango. Mchwa hawagusi, maji hayapenyi. Babu alianika mwezi mzima. Mimi siku nne zinatosha, jua ni kali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefunga. Nyeusi, inang'aa. Nimepapasa kwa kiganja: kavu. Mwalimu alinusa tu akajua. "Korosho," akasema, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tulizunguka uwanja wa mpira mara sita. Alikishika kile kishikio kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nimempandisha mwenyewe hadi Kitangari, nimerudi kwa basi. Nimefurahi leo.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama Rehema, mke wa Mwalimu, amepiga simu. Malengelenge kiganja kizima. Mkono wa kushoto. Ule mmoja.

Siku mbili ameshinda ndani ya gari juani, anajizoeza. Mafuta ya korosho huunguza ngozi, na hayakuwa yamekauka ndani ya mti, joto limeyatoa. Mimi nimebangua korosho tangu utotoni, ngozi yangu haisikii tena. Yake imelala kitandani mwaka mzima, imekuwa laini. Nami nilipima kwa kiganja changu. Mjinga mkubwa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepanda Kitangari. Mwalimu amefungwa bandeji hadi kifundo cha mkono. Sasa hana mkono hata mmoja. Mama Rehema anamlisha uji, anamnawisha uso, halafu anachukua ndoo na kutoka. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, basi. Hakunipa hata maji ya kunywa. Maji ya kule yamepitia shingoni mwake. Sikustahili.

Mwalimu alisema, "Na mimi nilinusa, nikanyamaza. Nililitaka gari." Angenitukana ningepumua. Nimeondoka na gari, nina aibu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ule ubao nimeutupa. Nimekata mwingine, nimeupaka nta ya nyuki tu. Kishikio cha mpingo. Siku tatu, patasi mbili zimekwisha makali. Msasa peke yake, hakuna mafuta. Safari hii sikupima kwa kiganja. Nimekifunga kwenye mkunjo wa kiwiko, palipo na ngozi laini, nimeshinda nacho juani. Mafundi wamecheka tena, lakini kidogo.

Jumatatu, 18 Novemba

Kiganja kimepona. Nimempelekea gari asubuhi. Alisita kabla ya kukishika kishikio, niliona. Kisha akakishika.

Tumeteremka hadi bombani. Mimi nimekaa pembeni, mikono mapajani. Indiketa aliiwasha hata pasipo na mtu njiani. Nimejaza madumu manane, nimepakia, yeye ameendesha kurudi.

Mama Rehema alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake tupu. Alihesabu madumu kwa macho, akaiweka ndoo chini. Akafungua dumu la kwanza, akajaza kopo, akaja kwangu. Akaninawisha mikono, polepole, wa kulia na wa kushoto. Kisha akanipa ya kunywa.

Tukala ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha. Mwalimu alikuwa akimenya yake mwenyewe.