Kigimbi cha Eystein

Jumapili, 2 Machi
Tumerudi kutoka Visiwa vya Kanari. Saa sita nzima kwenye ndege, na mume wangu Eystein hakunyanyuka kitini hata mara moja — eti anatunza nguvu za mbio! Jumamosi ya tarehe 15, kilomita hamsini na nne za kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, mzigo wa kilo tatu na nusu mgongoni. Mara yake ya ishirini. Akimaliza anapewa kikombe. Rafu keshaipigilia ukutani.

Jumanne, 4 Machi
Kigimbi cha kushoto kinamuuma. Halvdan wa klabu kamwazima mashine ya kukanda misuli, ile inayogonga-gonga. Trrrrr sebuleni kutwa! Kikaratasi cha maelezo alitaka kuwashia jiko. Nikakinyakua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempima kwa utepe wa cherehani. Mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa sentimita tatu. Una joto, umekuwa mwekundu. Kikaratasi kinasema wazi: mguu mmoja ukivimba na kupata joto, hasa baada ya safari ndefu, usiuguse kwa mashine. Huenda damu imeganda, na kuigonga ni kuisukuma kwenye mapafu. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nikamsomea. Akaongeza kasi ya mashine! "Hayo wameandika mawakili, Gunvor. Acha woga." Nikampigia Halvdan — naye anasema ni misuli tu. Wanaume hawa! Wakitaka kupaka skii nta wanapima joto la theluji mpaka nusu nyuzi, miguu yao wenyewe hawaijui.

Nilishika simu nimwite daktari. Akasema nikipiga anahamia kwa Halvdan mpaka mbio ziishe. Nikaiweka chini. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi
Ametoka kufanya mazoezi na mzigo wake, pakiti tatu za maziwa. Dakika kumi, karudi. Ngazi tatu za mlangoni tu — anahema! Kifua kinamchoma akivuta pumzi.

Nimepiga 113, namba ya dharura. Ambulensi dakika ishirini, barabara ina theluji. Mama wa kwenye simu kasema akae, asitembee, mguu usiguswe. Nikanyoosha mkono, akanipa mashine bila ubishi. Eystein, bila ubishi! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Sasa ananong'ona: "Gunvor, kile kikaratasi. Nisomee tena. Polepole."

Nilikuwa nimekificha humu, kwenye shajara. Naandika ili nichelewe kukifungua. Ananitazama, anasubiri, na mimi ule mstari wa mapafu siwezi kumsomea.